Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Uzamili wa Ubunifu wa Mandhari kwa Waliokwisha Kusomea Ubunifu

Majibu haya yanawahusu wahitimu wa ubunifu majengo, ubunifu wa ndani, mipango miji na fani zilizo jirani, wanaoishi au kufanya kazi Dodoma, Singida na kwingineko katika kanda ya kati, na ambao wanafikiria kusoma shahada ya uzamili ya ubunifu wa mandhari, yaani fani ya kupanga na kubuni ardhi iliyo nje ya majengo. Anayeanza kabisa bila shahada ya ubunifu anaweza kuokota mawili matatu, lakini njia yake ni nyingine na ni ndefu zaidi.

Mafunzo ya awali ya ubunifu yanahesabiwaje?

Vyuo vingi vinavyofundisha fani hii katika ngazi ya uzamili hugawa waombaji wake makundi mawili: wenye shahada ya kwanza iliyosomwa kwa studio, na wenye shahada ya fani nyingine kama botania, jiografia au fasihi. Kinachopimwa hasa ni mihula mingapi umekaa studio ukichora, ukitetea kazi yako mbele ya jopo, kisha ukarudi mezani kuirekebisha. Jina lililoandikwa kwenye cheti huja baadaye. Shahada ya ubunifu majengo hukubaliwa karibu kila mahali, na ya ubunifu wa ndani hukubaliwa mara nyingi. Mipango miji ndiyo yenye utata, kwa kuwa programu moja huwa imejaa studio na nyingine huegemea sera na takwimu, hivyo mwombaji wa kundi hili huamuliwa kwa potifolio yake, yaani mkusanyo wa kazi zake za ubunifu, kuliko kwa cheti. Uhandisi ujenzi, upimaji ardhi na ukadiriaji majenzi kwa kawaida havihesabiwi, jambo ambalo kwa maoni yangu lina kasoro, kwa sababu mpima ardhi anayezisoma kontua, ile mistari ya ramani inayoonyesha miinuko ya ardhi, bila kusita huingia darasani akiwa mbele ya wabunifu majengo wengi katika somo ambalo wao hulihangaikia zaidi.

Masomo huchukua muda gani?

Nchini Marekani kuna njia tatu. Wasio na mafunzo ya ubunifu husoma miaka 3. Wenye shahada ya ubunifu majengo au inayofanana nayo husoma takribani miaka 2. Na waliokwisha kupata shahada ya kwanza ya ubunifu wa mandhari yenyewe huingia programu ya juu zaidi, ambayo ni ya utafiti na kujikita katika eneo maalumu. Chuo Kikuu cha Harvard, ambako mafunzo ya fani hii yalianza mwaka 1900, kinafuata mgawanyo huo, na Chuo Kikuu cha Pennsylvania kina njia ya miaka 3 na ya miaka 2. Afrika Kusini mpangilio ni tofauti: katika Chuo Kikuu cha Pretoria mwanafunzi hupita kwanza shahada ya heshima ya mwaka 1, ndipo aingie uzamili wa kitaaluma. Uingereza muda hubadilika kulingana na unakotoka, na huwa kati ya mwaka 1 na 2 kwa wengi.

Nikiruhusiwa kuruka mwaka wa kwanza, niruke?

Hili ndilo swali linalostahili kufikiriwa kwa muda mrefu kuliko mengine yote, na kwa kawaida ndilo waombaji hulipitia haraka, kwa kuwa mwaka mmoja pungufu ni ada ya mwaka mmoja pungufu.

Ukifungua mtaala wa njia ya miaka 3 utaona kwamba mwaka wa kwanza una mambo mawili yaliyochanganywa. Lipo la kwanza ambalo tayari unalo: kuchora kwa mkono na kwa kompyuta, kutengeneza modeli, kujenga hoja ya kiubunifu na kuisimamia. Lipo la pili ambalo huna: kuitambua mimea na kujua tabia zake, aina za udongo, mwendo wa maji juu na chini ya ardhi, ikolojia, na ufundi wa kubadilisha miinuko ya ardhi ili maji yaende unakotaka yaende. Chuo kinapokuruhusu kuruka mwaka kinakusamehe kwa sababu ya lile la kwanza, lakini mara nyingine unapoteza na lile la pili kwa pamoja. Matokeo yake ni mhitimu mwenye michoro ya kuvutia ambaye hawezi kusema kivuli cha mkwaju alioupanda kitafika wapi baada ya miaka 15, wala maji ya mvua ya dakika 40 yatakusanyika upande gani wa uwanja wenye mteremko wa asilimia 2.

Kwa anayerudi kufanya kazi Dodoma upungufu huo hauwezi kufichwa. Mvua hapa huja kwa vishindo juu ya udongo uliokauka kwa miezi mingi, na sehemu kubwa ya maji hutiririka kabla hayajapata nafasi ya kuzama. Aliyekosea mteremko Dar es Salaam anaweza kuponywa na udongo wa kichanga unaomeza maji. Hapa anaachiwa korongo.

Ushauri wangu ni kwamba uombe njia fupi, kisha uandikie idara kabla ya kukubali nafasi na kuuliza ni masomo gani ya mimea, udongo na miinuko utakayosoma ndani ya miaka hiyo 2, na kama yapo ya lazima wakati wa kiangazi kabla ya muhula wa kwanza. Vyuo vizuri huyapanga hivyo, na hujibu swali hilo kwa orodha ya masomo. Chuo kinachojibu kwamba utajifunza humo humo studio kinakuambia kwamba hutajifunza. Kama una chaguo kati ya miaka 2 isiyo na mimea na miaka 2 na nusu yenye mimea, chukua ile ndefu hata kama itakulazimu kufanya kazi ya msaidizi wa darasa ili kujikimu.

Si ndiyo kazi ya kupanda maua na kupanga pevingi?

Bustani ni sehemu yake, na si sehemu ya kudharauliwa. Lakini fani hii hushughulika na ardhi yote iliyo nje ya kuta: viwanja vya umma, mabonde ya mito, kingo za barabara, makaburi, vyuo, machimbo yaliyokwisha kazi, na namna mji mzima unavyokaa juu ya nchi yake. Frederick Law Olmsted na Calvert Vaux, waliobuni Central Park ya New York kuanzia mwaka 1858, walihamisha udongo, walichimba maziwa na kupitisha barabara chini ya madaraja ili magari ya farasi yasikatize watembea kwa miguu. Karibu zaidi na kwetu, machimbo ya chokaa ya Bamburi huko Mombasa yalianza kurudishiwa uhai mwaka 1971 kwa mivinje, chini ya René Haller, na leo ni msitu unaotembelewa na watu.

Dodoma yenyewe ni mfano. Baada ya uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamisha makao makuu, mpango mkuu wa mwaka 1976 uliandaliwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, Kanada, chini ya Macklin Hancock, ambaye alikuwa amesomea mandhari na upangaji miji. Mpango ule ulitaka mji ufuate umbile la nchi, vilima na mabonde yakiachwa wazi katikati ya makazi badala ya kufunikwa na gridi ya mitaa. Baadhi ya maeneo hayo ya wazi yamekwisha kujengwa. Anayetaka kujua fani hii inahusu nini achukue ramani ya mpango ule, apande kilima chochote kati ya vile vinavyozunguka jiji, na alinganishe.

Nisome wapi?

Kwa hapa nchini, Chuo Kikuu Ardhi cha Dar es Salaam ndicho mahali pa kwanza pa kuuliza, kwa kuwa ndicho chenye mapokeo marefu zaidi ya ubunifu majengo na mipango miji, na kimekuwa kikifundisha ubunifu wa mandhari katika shahada ya kwanza. Kenya, Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, kilichopo Juja, kina idara kamili ya fani hii. Afrika Kusini ipo Pretoria na ipo Cape Town.

Watu wengi huchagua kwa jina la chuo. Mimi ningeanza na mvua. Pretoria iko juu ya uwanda, hupata mvua zake majira ya joto na majira yake ya baridi ni makavu kwelikweli, hivyo mazoea utakayoyapata huko kuhusu msimu, moto na nyasi yatakufaa ukirudi kanda ya kati. Cape Town, pamoja na uzuri wake wote, hupata mvua majira ya baridi, na mimea yake ni ya aina ya pekee isiyopatikana kwingine. Utajifunza namna ya kufikiri, lakini orodha yako ya mimea utaiacha uwanja wa ndege. Kwa upande wa Marekani, Chuo Kikuu cha Arizona kiko Tucson, mji wa jangwani wenye mvua za ghafla za kati ya Julai na Septemba, ambako wakazi hukata kingo za barabara ili maji ya mvua yaingie kwenye vibeseni vilivyopandwa miti badala ya kupotelea kwenye mitaro. Mtu wa Area C au Nkuhungu atakayeona jambo hilo likifanya kazi hatahitaji kufafanuliwa kwa nini alisafiri.

Ulaya ina vyuo vya zamani na vyenye nguvu, kama Edinburgh na Sheffield nchini Uingereza na Ås nchini Norwei, ambako fani imefundishwa tangu mwaka 1919. Ujerumani ni chaguo jema kwa mwenye Kijerumani. Bila lugha hiyo programu zinazobaki ni chache.

Nikisoma kwenye nchi ya mvua nyingi, nitakachojifunza kitanisaidia huku?

Mbinu husafiri, maarifa ya mahali hayasafiri. Ian McHarg, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, aliwazoeza wanafunzi wake kulichambua eneo tabaka kwa tabaka: miamba, udongo, maji, mimea, wanyama, matumizi ya watu, kisha kuziweka ramani hizo moja juu ya nyingine ili kuona wapi panafaa kujengwa na wapi pasiguswe. Mbinu hiyo ndiyo mzazi wa kazi nyingi zinazofanywa leo kwa mifumo ya taarifa za kijiografia, nayo inafanya kazi Ihumwa sawasawa na inavyofanya kazi Philadelphia.

Kisichosafiri ni hesabu ya maji. Vitabu vingi vya fani vimeandikwa na watu wanaoishi mahali ambapo mvua hunyesha mwaka mzima na tatizo ni kuiondoa haraka. Dodoma hupata mvua ya takribani milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, kisha miezi saba hivi ya ukavu na upepo. Sehemu kubwa ya maji ya jiji hutoka ardhini, kwenye visima vya bonde la Makutupora kaskazini mwa mji, na kumbukumbu za vipimo vya miongo mingi za bonde hilo zinaonyesha kwamba maji hayo hayajazwi sawasawa kila mwaka. Hujazwa zaidi katika misimu michache ya mvua kubwa, hasa ile inayohusishwa na El Niño kama ya mwaka 1997/98, wakati mito ya msimu inapofurika na kupenyeza maji mchangani. Kwa hiyo mafuriko yaleyale yanayokata barabara ndiyo yanayojaza visima. Mbunifu aliyefundishwa kwamba mafuriko ni adui wa kufukuzwa kwa zege atalidhuru jiji hili kwa nia njema kabisa.

Ukiwa ugenini, basi, peleka takwimu za mvua za Dodoma darasani na uzifanyie kila zoezi linaloruhusu kuchagua mahali. Walimu wengi hulifurahia jambo hilo, na wasiolifurahia hulivumilia.

Potifolio iwe na nini?

Iwe fupi kuliko unavyofikiri. Kurasa 20 hadi 30 zinatosha isipokuwa chuo kimetaja idadi yake, na kazi 4 au 5 zilizochaguliwa kwa makini huzidi 12 zilizorundikwa. Jopo la uteuzi halitafuti uthibitisho kwamba unaweza kuchora jengo, kwa sababu shahada yako imekwisha kulithibitisha; linatafuta dalili kwamba unaiona ardhi.

Kwa hiyo chukua kazi moja ya zamani ya studio na uirudie kwa jicho la mandhari. Chora mkato mrefu unaoanzia juu ya kilima, ukapita kwenye jengo lako, ukaishia kwenye kalavati la barabarani, na uonyeshe maji yanapita wapi. Weka picha mbili za eneo hilo hilo, moja ya Februari na moja ya Septemba. Kwa mtu aliyeko Sheffield picha hizo mbili zinaeleza zaidi ya kurasa mbili za maneno. Onyesha hatua za kazi pamoja na michoro iliyokataliwa. Kazi ya kikundi au ya ofisini iandikwe wazi kwamba ni ya kikundi, na sehemu yako itajwe. Michoro ya mkono bado ina thamani yake, na penseli haijawahi kumwangusha mwombaji.

Jambo la kuepuka ni zile picha za kompyuta zenye nyasi za kijani kibichi zinazotapakaa hadi upeo wa macho, huku mradi uko Bahi na hakuna hata tangi la maji kwenye mchoro. Anayekagua potifolio huuliza nani atamwagilia.

Barua ya maelezo binafsi na wadhamini je?

Barua itaje mahali na tatizo halisi. Sentensi kwamba umependa mazingira tangu utotoni imeandikwa na kila mwombaji duniani, na haisomwi tena. Eleza ni kitu gani ulikutana nacho kazini ambacho mafunzo yako ya kwanza hayakukupa uwezo wa kukitatua.

Vyuo vya Marekani kwa kawaida huomba wadhamini 3. Angalau mmoja awe mwalimu wa studio aliyekuona ukifanya kazi, na mmoja anaweza kuwa mwajiri au mkuu wa mradi. Cheo kikubwa cha mtu asiyekufahamu hakisaidii.

Nahitaji sayansi, hesabu na programu gani za kompyuta?

Hesabu ni za kidato cha nne: asilimia, pembetatu, ujazo wa udongo unaokatwa na unaojazwa. Anayezikimbia atateseka, lakini hazimzidi nguvu mtu aliyemaliza shahada ya ubunifu. Kwa upande wa kompyuta, AutoCAD na Rhino za kuchorea hutumika sana, na QGIS ya kutengeneza ramani ni ya bure, hivyo hakuna sababu ya kufika chuoni bila kuijua. Ni bora zaidi kutumia miezi michache kwenye kitalu cha miche, ukajifunza kutofautisha mche wa mgunga na wa mkole kabla haujachanua. Ujuzi wa programu vyuo hufundisha wiki ya kwanza, ilhali wa mimea huchukua misimu.

Nichague mada gani ya tasnifu?

Kanda ya kati ina utajiri wa mada, na ninashangaa kila ninapomwona mtu wa hapa akiandika kuhusu ufukwe wa Baltiki.

Kondoa inaweza kulisha tasnifu kumi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, maarufu kwa jina la HADO, ulianza mwaka 1973 kwa msaada wa Sweden, ukachimba makinga maji na kupanda miti kwenye vilima vya Irangi vilivyokuwa vimechanwa na makorongo. Mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo lililoharibika. Uoto ulirudi, na hilo linaonekana kwa macho. Lakini familia zilizohamisha ng'ombe zao kwenda nyanda za chini zililipa gharama ambayo haimo kwenye picha za kabla na baada. Mbunifu wa mandhari anaweza kuuliza swali ambalo mtaalamu wa udongo na mtaalamu wa jamii kila mmoja huliuliza nusu: vilima vilivyopona vipangwe vipi sasa ili vitumike bila kurudi vilikotoka? Katika wilaya hiyo hiyo ipo michoro ya miambani ya Kolo, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, nayo inahitaji njia za wageni, vivuli na udhibiti wa maji yanayoteremka mwambani, kazi ndogo kwa ukubwa lakini ngumu kwa usahihi.

Upande wa jiji, barabara ya mzunguko wa nje yenye urefu wa kilomita 112.3 inapita Nala, Veyula, Mtumba, Ihumwa na Bihawana, na inakatiza njia nyingi za maji ya msimu. Kila kalavati ni uamuzi wa mandhari, hata kama limebuniwa kama uamuzi wa barabara. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya mwaka 2004 inalinda ukanda wa mita 60 kutoka kingo za mito na vyanzo vya maji. Tasnifu inayochora ukanda huo kwenye mito yote ya msimu ndani ya jiji, ikaonyesha wapi umejengwa na unaweza kutumika vipi bila kujengwa, ingekuwa na wasomaji nje ya chuo. Halafu kuna Singida, mji wenye maziwa mawili ya magadi, Singidani na Kindai, ndani ya mipaka yake. Kuna mashamba ya zabibu. Kuna Kisiki Hai, njia ya kurudisha miti kwa kutunza machipukizi ya visiki vilivyobaki shambani badala ya kupanda miche, ambayo imeenea katika vijiji vya Dodoma, na ambayo mbunifu aliyezoea kununua miche anapaswa kuijua kwa sababu mti wenye mizizi mirefu tayari hauhitaji kumwagiliwa.

Gharama na ufadhili vikoje?

Vyuo binafsi vikubwa vya Marekani hutoza ada inayopita dola 50,000 kwa mwaka kabla ya chakula na malazi, na hakuna mshahara wa Dodoma unaobeba mzigo huo. Vyuo vya umma ni nafuu zaidi na baadhi hutoa kazi ya usaidizi wa kufundisha inayopunguza ada, hivyo uliza idara moja kwa moja. Ufadhili wa Fulbright wa Marekani na wa DAAD wa Ujerumani huwahusu waombaji wa Tanzania. Chevening ya Uingereza hulipia programu za mwaka mmoja tu na hudai uzoefu wa kazi wa miaka 2. Mwombaji anayelenga programu ya miaka 2 atakuwa ameandika insha zake bure. Kusoma Juja au Pretoria kunagharimu sehemu ndogo ya hayo yote, na huruhusu kurudi nyumbani kupima eneo la tasnifu wakati wa mvua.

Masharti ya viza hubadilika, wakati mwingine katikati ya mwaka. Yathibitishe ubalozini kabla ya kulipa ada ya maombi.

Je, shahada ya nje itatambuliwa, na nitasajiliwa wapi?

Shahada ya nje hutambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, na maombi ya utambuzi ni vyema yafanywe mara tu baada ya kuhitimu, ukiwa bado na mawasiliano na ofisi ya msajili wa chuo. Usajili wa kitaaluma uko chini ya Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, inayofanya kazi kwa Sheria Na. 4 ya mwaka 2010, ambayo pamoja na wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi huhusika na fani shirikishi, mandhari ikiwamo. Aliyekwisha kusajiliwa kama mbunifu majengo asiuachie usajili huo ukapitwa na wakati akiwa masomoni.

Chunguza pia ithibati ya programu yenyewe: Marekani hutolewa na bodi ijulikanayo kwa kifupi kama LAAB, na Uingereza na Landscape Institute. Programu isiyo na ithibati inaweza kuwa nzuri kielimu, lakini inaweza kukufungia mlango wa kusajiliwa kitaaluma katika nchi ile.

Nikirudi Dodoma nitapata kazi?

Tangazo la kazi lililoandikwa jina la fani hii utaliona kwa nadra. Kazi yenyewe, hata hivyo, ipo kwa wingi, imejificha ndani ya majina mengine: Mji wa Serikali Mtumba na maeneo yake ya wazi, kampasi pana ya Chuo Kikuu cha Dodoma, bustani za umma kama Chinangali, mazingira ya vituo vya reli, tathmini za athari kwa mazingira, miradi ya kurejesha ardhi vijijini. Wengi huanza wakiwa wabunifu majengo wenye uwezo wa ziada, na ofisi huwatambua pale mkandarasi anaposhindwa kueleza kwa nini ua mzima umejaa maji. Mteja wa kwanza mara nyingi hulipa kwa ajili ya bustani na hupata, bila kujua, mpango wa maji. Jambo gumu zaidi kulieleza ni matunzo, maana jengo hukabidhiwa likiwa limekamilika na mandhari hukabidhiwa ikiwa changa. Andika gharama za matunzo ya miaka 2 ya mwanzo ndani ya mkataba, vinginevyo mbuzi watasaidia kukamilisha kazi.

Nina stashahada tu. Naweza kuomba?

Kwa uzamili, hapana. Kamilisha kwanza shahada ya kwanza, na muda wako wa kazi utahesabika kwenye potifolio.

Nianze maandalizi lini?

Vyuo vingi vya Marekani hufunga maombi Desemba au Januari kwa masomo yanayoanza Agosti au Septemba. Hesabu nyuma kutoka hapo. Picha za eneo wakati wa mvua zipigwe kati ya Januari na Machi, kwa sababu ukikosa msimu huo utasubiri mwaka mzima. Wadhamini waombwe kufikia Julai. Mtihani wa Kiingereza, kama chuo hakikusamehe kwa kuwa umesoma kwa lugha hiyo, ufanywe kufikia Septemba ili ibaki nafasi ya kuurudia. Nakala rasmi za matokeo ziombwe mapema kuliko yote, kwa kuwa hazitegemei juhudi yako bali foleni ya ofisi.

Nikipata nafasi bila ufadhili, naweza kuahirisha?

Vyuo vingi huruhusu kuahirisha kwa mwaka mmoja ukiomba kwa maandishi kabla ya tarehe ya kuthibitisha nafasi, lakini punguzo la ada ulilopewa si lazima lisubiri pamoja nawe. Uliza mambo hayo mawili katika barua moja.